Jina la watoto, muvi za wakubwa: maswali yenu kuhusu Disney na wenzake

Toleo lililopita nliandika mistari michache tu kwamba Deadpool & Wolverine sio muvi ya watoto hata kama nyuma yake yupo Disney, basi ujumbe umemiminika mpaka nimeamua ukurasa wote wa mwezi huu niwape nyie wenyewe. Nimechagua maswali ambayo yamejirudia sana, mengine nimeyafupisha kidogo, msinune.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Juzi nimepeleka flashi kwa kijana anayejaza muvi hapa mtaani nikamwambia niwekee za watoto, katuni na zile za Marvel, akaweka nikalipa nikaondoka. Jioni nipo jikoni nasikia matusi ya Kiingereza yanatoka sebuleni, kuingia nakuta limtu lina nguo nyekundu linachinja watu damu zinaruka na mwanangu wa miaka minane amekaa chini katoa macho. Kumfuata yule kijana ananiambia mama hiyo ni ya Disney, hawana mambo mabaya hao. Kweli ni ya Disney? Na kama ni kweli mbona hatukuambiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kijana kuhusu mwenye mali hajakudanganya, ni ya Disney kweli, ila hilo la "hawana mambo mabaya" ndo limekuumiza. Huyo wa nguo nyekundu ni Deadpool. Muvi zake mbili za kwanza, ya 2016 na ya 2018, zilitolewa na kampuni ya Fox ambayo kipindi hicho haikuwa ya Disney. Disney walikuwa wameshanunua Marvel, wale wenye hadithi za mashujaa, tangu 2009 kwa kama dola bilioni 4 lakini haki za kumtoa Deadpool kwenye muvi zilikuwa bado mikononi mwa Fox, sasa 2019 Disney wakamnunua na Fox kwa dola bilioni 71 na zaidi, kwahiyo Deadpool akahamia kwao na matusi yake na mapanga yake vilevile alivyo. Julai 2024 ndo ikatoka hiyo ya tatu, na ndo muvi ya kwanza ya Marvel Studios kupewa alama ya R tangu Disney wainunue Marvel, yani kule Marekani mtoto wa chini ya miaka 17 haingii ukumbini mpaka awe na mzazi au mlezi. Imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 dunia nzima, kwahiyo msitegemee kama wataishia hapo.

Umeuliza mbona hamkuambiwa. Mliambiwa, ila sio kwa njia inayokufikia wewe. Ile alama ya R iko kwenye bango, iko kwenye trela, ukumbi wa sinema unaiangalia, lakini muvi ikishaingia kwenye flashi inabaki jina la faili na pengine picha ndogo, alama ya umri hamna popote. Na mtoto wa miaka minane anaona nini kwenye hiyo picha? Anaona nguo nyekundu inabana mwili na kinyago kinafunika uso wote, hapohapo anamfikiria Spider-Man. Ziweke hizo picha mbili pamoja uone, hata mtu mzima asiyefuatilia hawezi kukwambia yupi wa watoto na yupi wa wakubwa.

Kuhusu mwanao usimchape, hajakosa kitu, amekaa kuangalia alichowekewa. Kaa nae muulize ameona nini na kipi kimemtisha, muache aongee mpaka amalize, mwambie zile damu zimetengenezwa na wale watu wako hai wanakula chakula cha jioni kwao. Akianza kuamka usiku kaa nae karibu siku chache. Na kijana wa flashi kamwambie kwa upole, manake wateja wake wengi ni wamama kama wewe, wenye watoto wanaosubiri hiyo flashi nyumbani.

SWALI: Anti habari za kazi, nasoma mambo ya filamu chuo hapa Morogoro. Mwalimu alituambia Disney walikuwa na kampuni ya pembeni ya kutolea muvi za wakubwa tangu zamani. Ilianzaje na kwanini wasingetumia jina lao tu?

JIBU: Nzuri mwanangu, na swali lako limenifurahisha manake hii habari naipenda mno, kaa chini nikupe yote.

Walt Disney mwenyewe alifariki 1966. Baada yake kampuni ikaendelea kutoa muvi za familia zilezile lakini miaka ya 70 vijana wakawa wameshawakimbia, mtu akifika miaka 14 hataki kuonekana ameingia kuangalia muvi ya Disney, ni aibu mbele ya wenzake. Hilo sio jambo dogo kibiashara, vijana ndo wanaojaza kumbi za sinema. Wakajaribu kujivuta kidogo, 1979 wakatoa The Black Hole, muvi ya anga za juu, ndo ya kwanza iliyotengenezwa na Disney wenyewe kupewa alama ya PG, yani mzazi aangalie kwanza, badala ya ile G ya kila mtu. Haikuwaletea vijana waliowategemea. Shida ikawa imejulikana wazi, lile jina ambalo mzazi akiliona anatulia, kijana akiliona anageuza njia.

Mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Ron Miller, mkwe wa Walt, mume wa binti yake. Yeye ndo akaanzisha Touchstone, hiyo kampuni ya pembeni unayoiuliza, mwanzoni mwa 1984, na muvi ya kwanza ikawa Splash, Tom Hanks anampenda nguva aliyeigizwa na Daryl Hannah. Ilipewa PG tu, sio kitu cha kutisha, lakini nguva akiwa nchi kavu anatembea uchi na kuna neno moja mawili makali, na Disney hawakutaka vitu hivyo vikae chini ya jina la Walt. Ikaingiza karibu dola milioni 70 kwa Marekani peke yake, kwa pesa ya wakati ule hiyo ni kubwa sana. Miller mwenyewe hakukaa kula matunda, mwaka huohuo akaondolewa akaja Michael Eisner, na Eisner ndo akaikanyagia mafuta Touchstone. 1986 wakatoa Down and Out in Beverly Hills, muvi ya kwanza ya R kutoka ndani ya kampuni ya Disney. 1987 wakatoa Three Men and a Baby, mwaka ule hakuna muvi iliyoingiza zaidi yake Marekani. 1990 wakatoa Pretty Woman, ambayo wazazi wako wanaijua hata kama hawatakwambia, steringi wa kike ni dada anayejiuza barabarani. Mwenye pesa ni yuleyule wa Mickey Mouse, lakini jina la Disney halikuwa kwenye bango.

Sasa mi hapa nasema wazi, naona walifanya jambo la heshima. Watu wengi wanalichukulia kama kujificha, mi sioni hivyo. Mzazi wa 1990 akiona jina la Disney anajua kabisa anachomletea mtoto wake, akiona Touchstone anajua hii aulize kwanza. Na walikuwa makini kweli, 1993 walikuwa na ile muvi ya mifupa inayoimba, The Nightmare Before Christmas, wakaona inaweza kutisha watoto wakaitoa kwa jina la Touchstone, miaka ilipopita na watu wakaizoea ndo wakairudisha kwenye jina la Disney.

Ukuta wenyewe kati ya hayo majina mawili ulibomoka taratibu. 2003 jina la Disney lenyewe likakaa kwa mara ya kwanza juu ya muvi ya PG-13, yani yenye vitu visivyomfaa wa chini ya miaka 13, ile ya kwanza ya Pirates of the Caribbean, ikafanya vizuri mno, wakaona kumbe inawezekana. Touchstone ikadhoofika, muvi yake ya mwisho ni ya 2016. Alafu ikaja Disney+, huduma yao ya kuangalia muvi mtandaoni, mwaka 2019 ambapo kila kitu kinakaa sehemu moja, na hapo kuna kisa kimoja nataka ukaandike hata kwenye kazi yako ya chuo. 2020 waliiweka Splash humo, sasa lile tako la nguva wangelifanyaje? Wakamrefushia nywele kwa kompyuta. Kuna sehemu anakimbia kuingia baharini kageuza mgongo, kwenye muvi ya 1984 unaona makalio kidogo, kwenye hii ya Disney+ nywele zimeshuka mpaka mapajani zimekaa kama kipande cha manyoya kimegandishwa, watu waliijua hapohapo wakaanza kuilinganisha na ya zamani. Yani muvi ambayo ndo sababu ya kuanzishwa jina la pembeni, siku walipoirudisha kwenye jina la mbele ikabidi waivalishe nguo. Bora wangeiacha kwake ilikokuwa na wakaandika umri.

SWALI: Asalaam aleikum shangazi, natokea Kisauni, Mombasa. Hawa watu mimi nawaona wanafiki. Huku wajifanya wa watoto, huku wauza ufuska kwa jina jingine na hela yaingia mfuko mmoja. Waonaje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Si wewe peke yako, Marekani kwenyewe Wabaptisti wa Kusini, dhehebu la Kikristo, walipiga kura 1997 kuisusia Disney yote, na kati ya malalamiko yao ni hizo muvi za kampuni tanzu, ususiaji wenyewe wakausimamisha 2005.

Ila ukiangalia ndani utaona hata wao Disney walikuwa wanahangaika na swali lako hilohilo. 1993 waliinunua Miramax, kampuni ya muvi ya ndugu wawili kina Weinstein, ambayo ilikuwa haijui kabisa habari za watoto, mwaka uliofuata ikatoa Pulp Fiction ikachukua tuzo kubwa ya Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa. Disney wakaweka sharti kwamba hakuna muvi ya NC-17, ile alama ya juu kabisa inayokataza watoto moja kwa moja. 1995 ikaja Kids, habari za vijana wadogo wa New York na ngono na madawa, ikapewa hiyo NC-17. Ndugu wawili wale wakaunda kampuni nyingine pembeni kwa ajili ya muvi hiyo moja, wakaitoa huko. 1999 ikaja Dogma inayogusa dini, Wakatoliki wakawaka, ikapelekwa kwa kampuni nyingine, Lions Gate. 2004 ikawa Fahrenheit 9/11 ya Michael Moore dhidi ya Rais Bush, Disney wakakataa isitoke kwao, ikashinda Cannes, ikatolewa na wengine na ikaingiza zaidi ya dola milioni 200. Mwaka uliofuata kina Weinstein wakaondoka, na 2010 Disney wakaiuza Miramax.

Kwahiyo mi neno unafiki silitumii. Mtu mnafiki angejaribu kuwaaminisha watu kwamba Pulp Fiction ni ya familia, hao hawakujaribu. Ninachowalaumu ni kingine, kwamba walitaka pesa za muvi za wakubwa bila kubeba lawama zake, ndo maana kila ikija yenye moto wanaitupa kwa jirani, na mara nyingi jirani ndo anakula faida. Hilo la Fahrenheit 9/11 mpaka leo naliona ni woga tu. Ile haikuwa na ufuska wala nini, ilikuwa siasa, na watu wazima wana haki ya kuona siasa.

SWALI: Anti, katuni yoyote si ni ya mtoto? Nauliza tu. Msomaji wa Dodoma.

JIBU: Hapana, na nashukuru umeuliza manake huko ndo watoto wengi wanapoumia. Kuchorwa ni namna ya kutengeneza muvi tu, hakusemi chochote kuhusu umri. Juni 2016 kuna ukumbi California watu wamejaa na watoto wao wanasubiri Finding Dory, yule samaki wa bluu msahaulifu, kwa makosa ya ukumbi ikaanza trela ya Sausage Party. Hiyo imechorwa vizuri ina soseji na mikate yenye macho makubwa, mtoto anaipenda kabla haijaongea, inapoongea ni matusi mwanzo mwisho. Wazazi walikuwa wanawafunika watoto masikio na macho. Sasa kama ukumbi wenye wafanyakazi na mitambo unakosea, flashi ya mtaani je?

Na mfano mwingine ambao ni wa huzuni zaidi ni wa Japani. Studio Ghibli wanajulikana kwa vitu vya familia, hata nembo yao ni yule kiumbe mkubwa mnene wa msituni, Totoro. Aprili 1988 walitoa muvi mbili kwa siku moja na zikaonyeshwa pamoja, moja ni hiyo ya Totoro yenye watoto wawili wanacheza na viumbe wa msituni, nyingine ni Grave of the Fireflies, kaka na mdogo wake wa kike wakati wa vita, mama yao anaungua kwenye mabomu alafu hao watoto wanakufa kwa njaa mmoja baada ya mwingine. Nyumba moja imetengeneza, siku moja, tiketi moja. Mi nliiangalia nikiwa mtu mzima na kile kibati cha pipi cha yule binti mdogo bado nakiona mpaka leo, anakitikisa kimebaki tupu, kaka yake anamwagia maji ndani anywe ule utamu uliobaki. Ni muvi nzuri mno na kila mtu mzima aione, lakini usimuwekee mtoto wa miaka mitano kwasababu tu umeona imechorwa.

Hapohapo niongezee, Ghibli hao walipopeleka Princess Mononoke Marekani mwaka 1999, yenye mikono na vichwa vinakatwa kwa mishale, ilipitia kwa Miramax ya Disney. Kina Miramax walizoea kukata muvi za watu, sasa produsa wa Ghibli, Toshio Suzuki, alimpa Harvey Weinstein upanga wa kijapani na ujumbe kwamba hakuna kukata. Haikukatwa, ikapewa PG-13 ikatoka hivyohivyo. Hao ndo watu wanaojua walichokitengeneza na walimtengenezea nani.

SWALI: Anti mnawaonea bure hao Disney. Biashara ni biashara, mzazi achunge mtoto wake, wazazi wa siku hizi wanataka kampuni iwalelee. Baba wa mmoja, Nairobi.

JIBU: Nusu nakubaliana na wewe baba. Mzazi ndo mlinzi wa kwanza, hakuna kampuni itakaa sebuleni kwako. Na muvi za wakubwa zina haki ya kuwepo, mi mwenyewe naziangalia na nazipenda. Lakini angalia, mafuta ya taa yana kazi yake na chupa ya soda ina kazi yake, ukiweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda alafu ukaiacha mezani, mtoto akinywa huwezi kumwambia mama yake kwanini hukuchunga. Miaka na miaka Disney wamewafundisha wazazi kwamba ukiona jina letu usihangaike kuangalia. Wamelipwa kwa hiyo imani, kwenye tiketi, mabegi ya shule, midoli, madaftari. Basi wakitaka kubadilisha kilichomo ndani wana wajibu wa kusema kwa sauti ileile waliyotumia kujisifia.

Huko kwenu Nairobi mna bahati ya kitu kimoja, ile bodi ya kukagua filamu ya Kenya, KFCB, ina alama zake rahisi tu, GE ni ya wote, PG mzazi awepo, alafu 16 na 18 zinajieleza. Unaweza usipende maamuzi yao mengine, mi pia kuna ambayo siyapendi, ila hizo alama zisome.

SWALI: Shikamoo Anti, nakuandikia kutoka Muscat, nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili toka kwa bibi. Tunayo Disney+ na watoto wangu wana miaka 6 na 11, kuna vitu humo vya wakubwa. Naifungaje bila kuifuta? Mume wangu anataka ifutwe.

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba watoto asifute kwanza, inafungika. Disney+ imefika Oman 2022, na mwaka huohuo Marekani ndo walianza kuingiza vitu vizito humo, Machi zikaingia zile tamthilia za Daredevil na The Punisher, Julai zikaingia Deadpool mbili na Logan, kuna makundi ya wazazi yakalalamika. Kwahiyo ulichokiona sio bahati mbaya, ndo mpango wenyewe.

Fanya hivi. Usiwaache watoto wote kwenye profaili moja ya familia, kila mtu awe na yake. Yule wa miaka 6 mtengenezee profaili ya mtoto kabisa, humo hataona hata majina ya muvi za wakubwa. Wa miaka 11 mpe ya kawaida lakini ingia kwenye mipangilio umuwekee kikomo cha umri, humo kuna namba, usizidishe 12. Alafu ya kwako na ya baba weka namba ya siri ya tarakimu nne, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto manake hiyo wataijaribu ya kwanza. Kitu cha mwisho ambacho wengi wanakisahau, kuna sehemu ya kuzuia mtu asitengeneze profaili mpya bila neno la siri la akaunti, iwashe. Usipoiwasha huyo wa 11 atajitengenezea profaili yake nyingine siku ya pili. Ukimaliza chukua rimoti uingie kwenye profaili zao mwenyewe, tafuta muvi ya wakubwa unayoiona kwenye profaili yako, kama haionekani umefanikiwa.

SWALI: Anti alama za Kimarekani zinanichanganya, nifupishie. Msomaji wa Mwanza.

JIBU: G wote. PG mzazi aangalie kwanza. PG-13 chini ya miaka 13 kuna vitu havimfai, hiyo iliongezwa 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba PG imekuwa pana mno. R chini ya 17 awe na mkubwa wake. NC-17 mtoto haingii kabisa. Kabla hujampa mtu flashi andika jina la muvi mtandaoni na mwaka wake, alama inakuja hapohapo, na mwaka ni muhimu manake majina yanafanana.

SWALI: Anti shikamoo. Sisi ni kikundi cha sanaa Tanga, tuna chaneli ya vichekesho ambavyo watoto wanavipenda sana, tukipita mtaani wanatuimbia. Sasa tumeandika muvi ya ukweli kabisa kuhusu mwanamke anayepigwa na mumewe, ina damu, ina matusi, na mwisho wake sio mzuri. Wenzangu wanasema tuitoe kwenye chaneli yetu kwasababu ndo yenye watu, mimi nasita. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuandika kitu kama hicho, muvi hiyo inahitajika na msiipunguze makali. Mkianza kuilainisha kwa kuogopa watoto wataiona, mtakuwa mmemnyima haki yule mwanamke mnayemsimulia.

Ila usiweke kwenye ile chaneli. Umesema watoto wanawaimbia mtaani, maana yake mtoto akiona sura zenu tu anabonyeza, hasomi kichwa cha habari wala hajui maonyo. Steringi wenu anayewachekesha kila wiki ndo huyohuyo atakayeonekana anampiga mkewe mpaka damu, na mtoto hana namna ya kujua kwamba leo ni kitu kingine. Kuna la kiufundi pia, tangu Januari 2020 YouTube wanakutaka useme video ni ya watoto au sio ya watoto, hiyo ilikuja baada ya serikali ya Marekani kuwapiga faini ya dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto. Video ya watoto inafungwa komenti na matangazo yake yanabadilika. Mkichanganya vyote kwenye chaneli moja mtagombana na mfumo wao kila siku.

Fungueni chaneli nyingine, jina lingine, rangi nyingine, hata muziki wa kuanzia uwe mwingine. Usiogope kwamba haitakuwa na watu mwanzoni, Touchstone nayo ilianza na muvi moja ya nguva. Kwenye chaneli ya zamani wekeni tangazo fupi, mmoja wenu akae mbele ya kamera bila vazi la kuchekesha aongee na wazazi, sio na watoto, aseme tumetengeneza filamu ya watu wazima, inahusu kipigo nyumbani, iko sehemu fulani, watoto wasiione. Msiweke kipande chochote cha muvi kwenye hilo tangazo. Picha ya nje ya muvi yenyewe msitumie ile sura ya steringi akicheka inayojulikana, tumieni ya yule dada.

Na kabla ya yote ipelekeni Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupewa daraja la umri, alafu hilo daraja mliandike kubwa kwenye picha ya nje, pale pale jina la muvi lilipo, sio kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayefungua. Mkishapata tarehe ya kuitoa niandikieni, nitaitangaza hapa na umri wake.